Mtu anaitwa mzoefu wa kasuku akiwa amefanya nini? Nyanya ametuachia ndege na familia imegawanyika

#1 BintiTudor
Wadau salaam. Nyanya yetu alifariki kabla ya Ramadhani, Mungu amrehemu, na katika alivyoviacha kuna kasuku, yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, jina lake Sultani. Huyu ndege yuko pale nyumbani Tudor, Mombasa, tangu mama yangu hajaolewa, mimi nimezaliwa nikamkuta. Nyanya alikuwa akisema siku akiondoka apewe mtu mzoefu wa kasuku, basi, jina hakutaja, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Ami yangu mkubwa anasema mzoefu ni yeye, kafuga njiwa na kuku na bata maisha yake yote, juu ya paa lake Majengo kuna banda watu wanatoka mbali kuja kununua njiwa. Binamu yangu wa Nyali anasema mzoefu ni yeye, ana kasuku wa aina hiyohiyo, hajafika naye hata miaka mitatu lakini anampima uzito kila asubuhi, anasoma kila kitu, keji yake kubwa utafikiri chumba. Mama anasema tusisumbuke, dada aliyekuwa akikaa na nyanya aendelee kumlisha mpaka mambo ya nyumba yaishe.

Sasa juzi nimeenda nikaona kifua cha Sultani kiko uchi, anang'oa manyoya mwenyewe. Ndio nauliza kwa walio na ujuzi, mzoefu anapimwa kwa nini, miaka, idadi ya ndege, au kusoma? Na huku kung'oa manyoya kunaletwa na nini?

#2 Kijana_Magomeni
Pole kwa msiba dada. Mimi naona miaka bana. Kitu hakifundishwi darasani hicho, ukikaa na ndege miaka kumi unamjua. Binamu wa miaka miwili na kitu bado anajifunza, asubiri.

#3 MzeeWaNjiwa
Pole sana mwanangu. Mimi nitamtetea ami yako, wengi watamrukia hapa. Mtu aliyefuga ndege wa kila namna ana jicho, akipita bandani tu anajua yule pale hajala, yule ana mafua. Hilo jicho halinunuliwi. Kasuku ni ndege kama ndege wengine, ana mdomo na mbawa, atahitaji maji safi, chakula safi, banda lisilo na upepo mkali. Vijana wa siku hizi wanasoma mpaka ndege wanawafia mikononi.

#4 ShamsaToronto
Mzee shikamoo, lakini hapo kwenye "ndege kama ndege wengine" nakupinga kwa heshima zote. Njiwa wako wana wenzao, wewe ukisafiri wiki nzima wakalishwa na kijana hawana habari. Kasuku wa kijivu akiwa peke yake ndani ya nyumba, kundi lake ni nyinyi watu. Akiwekwa juu ya paa Majengo baada ya kuzoea sebule miaka yote hiyo mnamtupa jangwani. Yule kasuku wa kijivu Alex wa Marekani, aliyenunuliwa dukani 1977 na mtafiti Irene Pepperberg, alifika mahali anataja rangi, maumbo, na kuhesabu mpaka sita, akaulizwa hivi vitu viwili vinatofautiana nini akajibu. Kiumbe mwenye akili hiyo akikosa cha kufanya anajifanyia mwenyewe, na cha karibu kabisa ni manyoya yake.

Kwangu mzoefu ni yule anayejua kumshughulisha. Mbao za kutafuna, chakula kilichofichwa ndani ya karatasi akitafute, mazungumzo. Miaka haisemi kitu, kuna jirani yangu hapa, mama wa Kireno, kakaa na kasuku miaka mingi kuliko umri wangu na siku zote ni alizeti tu, daktari alipompima ini lilikuwa limejaa mafuta.

#5 Kijana_Magomeni
Lakini si amekaa miaka mingi? Basi alizeti haikumuua 😀

#6 DktMtarajiwa
Niko mwaka wa mwisho udaktari wa mifugo, Morogoro, kwa hiyo nitazungumza nilichosomea. Kijana, kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri anaweza kufika miaka 40 mpaka 60, hivyo akifa na miaka 20 umeona mingi kumbe kafa kijana. Ndiyo maana miaka ya mwenye ndege inadanganya, wanavumilia lishe mbaya muda mrefu sana halafu wanaanguka ghafla.

Mleta uzi, kung'oa manyoya kuna sababu nyingi na hakuna anayeweza kukwambia kwa maandishi ni ipi. Kuna ugonjwa wa ini, kuna upungufu wa vitamini A na kalsiamu, kuna virusi vya mdomo na manyoya, kuna sumu ya madini, kuna ngozi kukauka, kuna upweke, kuna kukosa usingizi, kuna homoni. Angalia kichwa kwanza. Kama kifua kiko uchi lakini kichwa kimejaa manyoya safi basi anang'oa mwenyewe maana kichwani hafiki. Kama na kichwani yanatoka au yanaota yamepinda hiyo ni habari nyingine, fikiria virusi, na hapo asikaribie kabisa kasuku wa binamu mpaka apimwe.

Halafu tuambie alikuwa anakula nini na keji ni ya nini.

#7 BintiTudor
Kichwa kizima daktari, kinang'aa. Anakula mkate wa chai asubuhi, alizeti, karanga, ndizi, wakati mwingine wali. Chai ya maziwa alikuwa akipewa na nyanya kwenye kisosi, wanakunywa pamoja. Keji alitengeneza fundi wa Mwembe Tayari zamani, waya wa mabati, imebadilishwa mara moja tu nyumba ilipopakwa rangi, na hiyo mpya pia ni ya fundi.

#8 DktMtarajiwa
Hapo mawili yananitia wasiwasi. Waya wa mabati una zinki juu yake, na kasuku hupanda keji kwa mdomo, kila siku analamba na kukwangua. Zinki ikijaa mwilini ndege anadhoofika, anatapika, kinyesi kinabadilika, na wapo wanaoanza kung'oa manyoya. Hiyo mpya ndiyo ya kushuku zaidi kwa kuwa tabaka bado lina unga na vidonge vya zinki vilivyoganda kwenye viungio. Ipigwe brashi na siki, isuuzwe vizuri, angalau kwa sasa. Keji ya chuma cha pua ni ghali lakini ndiyo salama.

La pili ni chai na mkate. Chai ina kafeini, asipewe tena. Na mbegu tupu hazina kalsiamu ya kutosha, kasuku wa kijivu wanajulikana kwa kuishiwa kalsiamu kwenye damu kuliko kasuku wengine wengi, unamkuta anatetemeka, anaanguka kutoka kwenye kijiti, degedege kabisa.

#9 Mla_Pilipili
Wa kwetu Lamu alikuwa anakula pilipili mbuzi kama pipi, sisi watoto tunalia yeye anaomba nyingine. Nilidhani ana jini.

#10 MuttrahSwahili
@Mla_Pilipili ndege hawausikii ule ukali wa pilipili, miili yao haiupokei kama sisi, na pilipili ina vitamini A nyingi tu. Mpe mbivu nyekundu. Huku Maskati wafugaji wengi wanawapa.

Kwa mleta mada, rambirambi zetu. Mimi nina swali moja ambalo hakuna aliyeuliza. Msibani mlichoma ubani na udi? Nakujua watu wetu, kuanzia siku ya kwanza mpaka arubaini chetezo hakizimi. Mapafu ya ndege si kama yetu, hewa inapita moja kwa moja mpaka kwenye vifuko vya hewa mwili mzima, moshi kidogo kwao mwingi. Huku Oman nyumba haikosi udi, na mtu ninayemhesabu mzoefu ni yule ambaye mgeni akiingia tu anahamisha ndege chumba kingine kabla chetezo hakijawashwa, bila kukumbushwa. Vivyo hivyo vikaango vya Teflon, vikipata moto kupita kiasi vinatoa hewa usiyoiona wala kuinusa na ndege anakufa kwa dakika chache. Dawa ya mbu ya kupuliza, na ile ya kuzunguka inayowashwa usiku, zote hizo.

#11 BintiTudor
Ubani ulichomwa, tena sana. Keji iko ukumbini palepale watu walipokaa kusoma khitma. Na taa zilikuwa zinawaka mpaka usiku wa manane, wageni wanaingia na kutoka.

#12 ShamsaToronto
Basi usingizi pia. Anahitaji saa 10 mpaka 12 za giza na kimya. Na usisahau jambo la wazi kuliko yote, mtu wake hayupo. Mtu aliyekunywa naye chai kila asubuhi kaondoka. Mimi nasema ni huzuni.

#13 Pwaguzi
Au kijicho. Kasuku mzuri msibani watu mia wanamsifia. Someni kisomo.

#14 Boyoma
Bandugu jambo. Mimi ni wa Kisangani, huku ndiko banatoka hao kasuku munaowafuga. Naomba niseme kitu. Munabishana nani mzoefu, mimi namjua mzee mmoja wa upande wa Tshopo, alikuwa anakamata kasuku tangu kijana. Anapanda mti mrefu, anapaka ulimbo kwenye matawi, anafunga kasuku mmoja pale juu kama chambo aite wenzake, bakishuka banashikwa. Huyo mzee anajua kila sauti ya kasuku, hii ya hatari, hii ya chakula, hii ya kuita mtoto, anajua saa banatoka kulala na saa banarudi. Anajua banapenda ngazi, matunda ya mawese, kuliko kitu chochote, na banashuka chini kwenye udongo wa chumvi. Kwa kujua kasuku hakuna profesa anamushinda. Lakini kati ya bale alikamata, wengi walikufa ndani ya vikapu kabla ya kufika kwa eropleni ya Kinshasa. Basi huyo ni mzoefu ao hapana?

Miye sina jibu. Ila mutu akisema mbele yangu yeye ni mzoefu, naanza kumuuliza ndege wake alitoka wapi.

#15 MwanaIsukha
Asante Boyoma. Natokea Kakamega, na kwa Kenya msitu wetu ndio pekee uliobaki na kasuku wa kijivu wa porini, na hao nao ukiwaona siku hizi ni bahati. Babu anasema walikuwa wakipita asubuhi makundi makubwa, kelele mpaka watoto wanaamka. Miti mikubwa yenye mashimo imekatwa, wataga wapi. Kwa hiyo nakubaliana na swali la alikotoka.

#16 Mhaya_Minziro
Na sisi huku Kagera tunao, msitu wa Minziro mpakani na Uganda. Ukisikia filimbi ndefu juu asubuhi ukainua macho unaona mikia myekundu. Nami nina wazo la tofauti, mtu ambaye hajawahi kuwaona wakiruka hajui anachokifuga. Wanaruka mbali sana kutafuta matunda, halafu mnamkata mbawa na kumpa kijiti kimoja mnasema anang'oa manyoya kwa nini.

#17 Kijana_Magomeni
Sasa kwa hesabu yenu wote mnaofuga ni wahalifu?

#18 MuttrahSwahili
Siyo hivyo kijana. Tangu mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, wa Johannesburg 2016 kasuku wa kijivu kapandishwa daraja la juu kabisa la ulinzi, ikaanza kazi Januari 2017, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Waliozaliwa kifungoni wanaruhusiwa kwa vibali, wengi wanaokuja huku wanazalishwa Afrika Kusini. Mfugaji anayejua kazi yake anaangalia mguu. Aliyezaliwa kifungoni ana pete nzima isiyo na kiungio, imevishwa akiwa kinda mguu bado mdogo, haiwezi kuingia kwa ndege mkubwa. Akiwa hana pete, au pete ina sehemu ya kufunga, uliza maswali.

#19 Boyoma
Pete banaweza kughushi, na karatasi za kusema alizaliwa kwenye banda banaziandika pia. Lakini ni mwanzo muzuri.

#20 MzeeWaNjiwa
Marahaba Shamsa. Nimesoma yote. Hayo ya zinki sikuyajua kwa kasuku, njiwa hawatafuni waya. Hapo daktari umenipata. Lakini bado nasema ami asidharauliwe. Ukimpa ndege mwenye mafua, nani ataona kwanza? Ndege anaficha ugonjwa, porini anayeonekana mgonjwa ndiye anayeliwa, kwa hiyo ukiona kakaa chini ya keji kajikunyata ameshachelewa. Mimi natazama mkia. Akipumua mkia unapanda na kushuka kama mpini wa pampu, kifua kinafanya kazi kubwa. Natazama kinyesi, pale panapotakiwa pawe peupe pakiwa kijani au njano hapo nina kazi. Hayo ni ya njiwa na ni ya kasuku.

#21 DktMtarajiwa
Mzee hapo umesema kweli tupu na hata mimi nisingeeleza vizuri hivyo. Nyongeza tu, binamu anayepima uzito ana hoja. Kasuku wa kijivu wa Kongo yuko kama gramu 400 mpaka 500, akipoteza sehemu ya kumi ya uzito wake mzani unakwambia wakati macho bado hayaoni, maana manyoya yanaficha mwili. Mzani wa jikoni wa gramu unatosha.

#22 NyotaYaNyali
Naomba nijitambulishe, mimi ndiye binamu 😅 Bint umenianika. Nimesoma kimya mpaka hapa. Sijasema mimi ni mzoefu kuliko ami, nilisema mimi ninaye kasuku kwa hiyo najua anachohitaji, ni vitu viwili. Wa kwangu nilimpata kwa kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na ana pete. Na hili naliweka wazi, Kenya kasuku huyu huwezi kumpokea tu kama unavyopokea kabati. Kibali cha Sultani kina jina la nyanya. Yeyote atakayemchukua inabidi aende KWS kwanza wabadilishe, la sivyo kwa sheria ya wanyamapori ya 2013 una mnyama usiye na haki naye. Nimemwambia ami, akasema njiwa hawajawahi kuulizwa kibali.

#23 Kijana_Magomeni
Hahaha karibu mtuhumiwa. Wa kwako anaongea?

#24 NyotaYaNyali
Anapiga mluzi tu na kuiga mlio wa lifti. Hajasema neno.

#25 Kijana_Magomeni
Ndio nilichotaka. Sultani anaongea?

#26 BintiTudor
Anaongea kuliko sisi. Anaita "Fatuma njoo", anapiga hodi, anakohoa kama nyanya. Akisikia adhana anakaa kimya halafu anamaliza na "haya".

#27 Kijana_Magomeni
Kwa hiyo nyanya ndiye mzoefu na binamu bado. Ndege akiongea ni ushahidi wa mwenyewe.

#28 ShamsaToronto
Hapana kaka, kuna kasuku wa kijivu hawaongei maisha yao yote na wanatunzwa vizuri sana, na wengi hawaanzi mpaka wamepita mwaka mmoja au zaidi. Kuongea kunategemea ndege mwenyewe. Pale Lincolnshire Uingereza 2020 bustani moja ya wanyama ilipokea kasuku watano wa kijivu wakafundishana matusi mpaka ikabidi watenganishwe, wageni wanacheka nao wanazidi. Wenye ndege hao ungewahesabu wazoefu?

#29 Mla_Pilipili
Wazoefu wa matusi ndio 😂

#30 MwanaIsukha
Samahani natoka nje kidogo. Kuna mtu anajua wale kasuku wadogo wa kijani wenye kichwa cha rangi ya chungwa Naivasha? Nimewaona wamejaa kando ya ziwa.

#31 Mhaya_Minziro
Hao cherero. Asili ya wenye kichwa cha chungwa ni Tanzania, upande wa Serengeti huko, na wenye shingo ya njano nao ni wetu, Tarangire mpaka Dodoma. Miaka ya themanini walisafirishwa nje kwa wingi ajabu. Naivasha walifika kwa mikono ya watu, wengine walitoroka wengine waliachiwa, aina mbili zikachanganyika zikazaana. Sasa wako huru na hakuna aliye wa kabila moja.

#32 MwanaIsukha
Asante. Rudini kwa Sultani.

#33 PwaniMama
Nimesoma uzi mzima nikasubiri mtu aseme, hakuna. Bint, kwenye post #1 umeandika mstari mmoja "dada aliyekuwa akikaa na nyanya aendelee kumlisha". Na kwenye #26 ndege anaita "Fatuma njoo". Fatuma ni nani?

#34 BintiTudor
Fatuma ndiye huyo dada. Yuko na nyanya tangu mimi niko shule ya msingi. Anatoka Kaloleni.

#35 PwaniMama
Sasa niambie. Nani anaosha keji? Nani anajua akiwa na njaa anafanyaje? Akitolewa nje anakwenda mkono wa nani?

#36 BintiTudor
Fatuma. Wa Fatuma na wa nyanya tu. Mimi ananiuma. Ami alimuuma mpaka damu siku ya tatu ya msiba. Nimempigia Fatuma sasa hivi baada ya kusoma swali lako nikamuuliza manyoya yalianza lini, akaniambia si baada ya msiba. Yalianza nyanya alipolazwa, tena kidogo kidogo chini ya bawa la kushoto, akamwambia mama lakini kila mtu alikuwa hospitali hakuna aliyesikia. Na amesema chai ameacha kumpa mwenyewe zamani, kisosi alikuwa anaweka maji ya vuguvugu yenye rangi kidogo tu nyanya asijue. Anampa mchunga na majani ya mnavu kila siku na anamtoa uani juani asubuhi. Sisi hatukuwa na habari ya hayo yote.

#37 MzeeWaNjiwa
Allahu akbar.

#38 ShamsaToronto
Machozi yamenitoka hapa kazini. Lakini ona, yalianza nyanya alipolazwa. Huzuni, nilisema.

#39 DktMtarajiwa
Huyo dada kafanya kazi ya daktari. Jua la asubuhi la moja kwa moja, siyo la kupitia kioo, ndilo linalomsaidia kutumia kalsiamu, huenda ndiyo sababu hajawahi kuanguka degedege kwa lishe ile ya karanga na mkate. Karanga zenyewe ziangalieni zisiwe na ukungu. Ila Shamsa usikimbilie kufunga jalada, keji mpya nayo ilikuja lini? Kama ilikuja karibu na wakati wa kulazwa bado zinki iko mezani. Damu ipimwe zinki na kalsiamu, na kipimo cha virusi kwa manyoya.

#40 BintiTudor
Keji ilikuja miezi michache kabla ya kulazwa. Kwa hiyo hata sijui.

#41 Kijana_Magomeni
Nabadilisha kura. Fatuma.

#42 Boyoma
Fatuma. Lakini mutamulipa? Ao mutampa ndege na mzigo wote, chakula, daktari, keji ya chuma cha pua, halafu museme tumempa mzoefu? Kasuku anaweza kuishi miaka ishirini mingine. Huko Kaloleni atakaa wapi, na akiugua nani anatoa pesa?

#43 PwaniMama
Boyoma umegusa penyewe. Mimi ningetaka ukoo ukae na Fatuma akiwa kitini, asiwe wa kupitisha kahawa, aulizwe anataka nini. Huenda hataki. Huenda anataka kurudi kwao apumzike na sisi huku tunampangia kasuku.

#44 NyotaYaNyali
Naunga mkono. Mimi niko tayari kulipia vipimo na keji popote Sultani atakapokuwa. Na kama atakuja kwangu basi Fatuma aje kwanza siku kadhaa anifundishe, wangu na Sultani vyumba mbalimbali mpaka majibu ya virusi yatoke. Ila bado naona kusoma kuna kazi yake, Fatuma hakuwa na njia ya kujua habari za zinki.

#45 MzeeWaNjiwa
Na wewe hukuwa na njia ya kujua habari za bawa la kushoto.

#46 NyotaYaNyali
Kweli mzee.

#47 Pwaguzi
Ami amesemaje?

#48 BintiTudor
Ami hajui kusoma mitandao, nimemsomea mimi. Aliposikia Mzee wa Njiwa anamtetea akafurahi sana akataka namba yake 😀 Aliposikia habari za Fatuma akanyamaza kidogo halafu akasema yeye alikuwa anataka Sultani kwa sababu anakohoa kama mama yake. Hapo hata mimi sikuwa na la kusema. Familia inakaa Jumapili. Fatuma ameitwa na amekubali kuja, la ndege hajasema ndiyo wala hapana.

#49 ShamsaToronto
Mwambie ami arekodi sauti, hata kama ndege ataenda kwingine. Na asisogee karibu na keji akiwa na hasira, angalia macho, mboni zikiwa zinapanuka na kusinyaa haraka na manyoya ya shingo yamesimama asipeleke mkono.

#50 Mla_Pilipili
Ampelekee pilipili, watapatana.

#51 DktMtarajiwa
Pilipili sawa, parachichi hapana, hata kidogo, lina sumu kwa ndege. Bint usisahau kuuliza kama kuna daktari wa ndege hapo Mombasa kabla ya Jumapili, wengi wamezoea ng'ombe na mbwa. Na akitolewa damu asishikwe kifua, ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi, ukimbana kifua hapumui.

#52 BintiTudor
Nimeandika yote. Kuna anayejua mzani wa gramu unapatikana duka gani Biashara Street au niende Nyali?

#53 NyotaYaNyali
Usinunue, nakuletea wa kwangu kesho. Mwambie Fatuma ajaribu kumpandisha asubuhi kabla hajala.